Lumbox haikuzaliwa Mutanga

Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kuna mabweni mawili ambayo wakazi wake hujiita kwa jina moja: Lumbox. Bweni la wanaume ni Lumumba, kwa heshima ya Patrice Lumumba. La wanawake ni Mary Stuart, ambalo wanafunzi wenyewe tangu zamani wameliita Box. Kata kichwa cha jina la kwanza, kibandike kwenye lakabu ya la pili, nawe umepata Lumbox. Kwa njia hiyo hiyo Africa Hall ya wanawake na Livingstone ya wanaume zimezaa Afrostone. Wanaisimu wa Kiswahili huuita ufundi huu uhulutishaji, na kwetu si mgeni: chakula cha jioni kimekuwa chajio, na mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar zilitupa Tanzania.

Vijana wa Burundi wanaosoma Uganda hurudi Bujumbura na maneno haya mdomoni, pamoja na hadithi za nyimbo na sherehe za mabweni yao. Wenzao waliosomea nyumbani husikiliza, wengine kwa wivu kidogo. Hapo ndipo swali hujitokeza. Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi ipo, ya Kiriri ipo juu kilimani, ya Kamenge wanakosoma madaktari ipo. Mji wenyewe haujapungukiwa na ulimi: Kirundi, Kifaransa, Kiswahili cha Buyenzi na Lingala ya nyimbo hukutana katika sentensi moja bila mtu kugeuza shingo. Mbona basi hakuna Lumbox ya Bujumbura?

Jibu la haraka ni kwamba Warundi hawana mazoea ya kubandika majina. Jibu hilo halisimami. Vyama vya siasa UPRONA na FRODEBU, makundi ya vijana na wanafunzi JEDEBU, SOJEDEM, UNEBA, BAMPERE: nchi yetu imejaa majina yaliyokatwa vipande na kuunganishwa, na kadhaa kati ya hayo yalibuniwa na wanafunzi au kwa ajili yao. Tofauti imo katika mkono ulioshika gundi. Kampala majina yalibandikwa na wakazi wa vyumba wakitafutana kwa muziki na mapenzi. Bujumbura yalibandikwa na watu waliokuwa wakiitafuta dola, au wakiikimbia.

Mtindo wa makundi ya wanafunzi yenye jina, wimbo na siri una ukoo mrefu. Marekani hupenda kuanzia tarehe 5 Desemba 1776, siku Phi Beta Kappa ilipoundwa katika chuo cha William and Mary, Virginia. Karne iliyofuata makundi ya herufi za Kigiriki yakawa makazi, mtandao wa ajira na mahali pa kupata mchumba. Yalipokuwa ya wanaume yaliitwa udugu, kwa mzizi wa Kilatini wa neno kaka. Wanawake wa Syracuse walipoanzisha Gamma Phi Beta mwaka 1874, mwalimu wao wa Kilatini, Frank Smalley, ndiye anayetajwa kuwa aliwapatia neno lenye mzizi wa dada, kwa kuwa lile la kaka liliwakaa vibaya. Tangu hapo wanafunzi wa Marekani hawajaacha kuyakata maneno hayo mawili na kuyaunganisha, kwa utani au kwa makundi yanayopokea wote. Waafrika wa vyuo vya huko nao waliingia: Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah wote wawili walikuwa Phi Beta Sigma. Nigeria ikatengeneza udugu wake mwaka 1952, pale Wole Soyinka na wenzake sita walipoanzisha Pyrates katika chuo cha Ibadan. Yaliyozaliwa baadaye kwa kuiga jambo hilo, yale makundi ya siri yaliyoua wanafunzi katika vyuo vya Nigeria, ni onyo ambalo msomaji ataliona tena mbele.

Makerere haikufuata Marekani. Ilifuata Uingereza, ambako bweni si mahali pa kulala tu. Ukipangiwa bweni umepewa uraia: una rangi zake, timu yake, viongozi wake, na uhasama wake wa kurithi. Hadi mwaka 1945 kaulimbiu ya chuo hicho iliwataka wanafunzi wawe wanaume. Mwaka huo wakaingia wanawake sita wa kwanza, na kaulimbiu ikabidi ibadilishwe, ikawa ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Mabweni yakabaki yametengwa kijinsia, na utengano huo ndio ulioleta haja ya neno la kuunganisha. Bweni la wanaume lilihitaji mwenzi, la wanawake vilevile. Wakapeana mialiko, wakashangilia pamoja uwanjani, mwisho wakawa na jina moja. Nadhani hapa pana siri ndogo ya maneno ya aina hii. Huzaliwa pale pande mbili zinapojulikana waziwazi, zikiwa na mpaka unaoweza kuvukwa bila mtu kuumia.

Mpaka unaoweza kuvukwa ndicho kitu ambacho historia iliunyima mji wetu.

Tulirithi kwa Wabelgiji, na Wabelgiji walikuwa na desturi nyingine. Katika vyuo vyao mwanafunzi mpya ni “bleu”, na hupitia ubatizo wa vituko kabla ya kukubaliwa na waliotangulia. Desturi hiyo ilifika Lovanium, chuo kilichofunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ikashuka pia hadi shule za bweni za Rwanda na Burundi, ambako kumbatiza mgeni hivyo ni kumnyuzura. Aliyenyuzurwa hupata kaka na dada wa shuleni, ila ubatizo humwingiza katika darasa na shule, haumpi bweni lenye jina na ukoo. Desturi ya pili ya Ubelgiji ni vyama vya wanafunzi wanaotoka sehemu moja, watu wa mkoa fulani wakikutana kunywa bia na kuimba. Ihamishie desturi hiyo Burundi uone uzito wake. Micombero, Bagaza na Buyoya, marais watatu waliofuatana kwa njia ya mapinduzi kuanzia 1966, wote walitoka Rutovu, mkoani Bururi. Katika nchi ya namna hiyo, wanafunzi wa mkoa mmoja wakikaa meza moja, meza ya jirani haioni bia. Inaona orodha ya mawaziri wa kesho.

Elimu ya juu yenyewe ilianza kama jambo la watu wachache mno. Kabla ya vita vikuu vya pili na muda mrefu baadaye, watoto wa machifu wa Rwanda na Burundi walipelekwa Groupe Scolaire ya Astrida, mji tunaouita sasa Butare au Huye. Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru wetu, alisoma huko kabla ya kwenda Antwerp. Mwaka 1952 Wajesuiti walifungua Collège du Saint-Esprit hapa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, juu kilimani, shule iliyochanganya rangi wakati ambapo mitaa ya mji ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi na Waarabu kwao, Waafrika Buyenzi na Bwiza. Mwaka 1964 kikaundwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kwa kuunganisha vitivo vya serikali na vya Wajesuiti. Miaka ya 1970 chuo hicho kikaunganishwa na shule nyingine za juu, kikawa Chuo Kikuu cha Burundi tunachokijua.

Kundi la wanafunzi lenye sauti lilitangulia chuo. UNEBA, umoja wa kitaifa wa wanafunzi Barundi, ulikuwa na watu Ulaya na nyumbani, na katika miaka ya 1960 rais wake aliyejulikana zaidi alikuwa Gilles Bimazubute. Hawa hawakujiita kwa lakabu ya bweni. Walijiita kwa nchi. Walitoa matamko, walishambulia ufalme, walizungumza kama serikali inayosubiri zamu yake, na kwa idadi ya wasomi wa wakati ule hawakuwa mbali na ukweli. Uzito huo ulikuwa wa kizazi kizima, kuanzia UGEC ya wanafunzi wa Kongo iliyopigwa marufuku 1968, hadi USARF ya Dar es Salaam iliyoongozwa na Yoweri Museveni, ikachapisha jarida la Cheche na kufungiwa 1970. Nani angefikiria jina la mapenzi kati ya mabweni mawili wakati anaandika katiba?

Upande wa pili kulikuwa na vijana wa chama, UPRONA ya Rwagasore. Jina la Rwagasore, aliyeuawa kwa risasi kando ya ziwa tarehe 13 Oktoba 1961, lilitiwa katika JNR, vijana wazalendo wa Rwagasore, na baada ya jamhuri kutangazwa Novemba 1966 kundi likawa JRR, vijana wanamapinduzi wa Rwagasore. Mwezi Januari 1962 vijana wa JNR walikuwa wameshaua wanasiasa na viongozi wa wafanyakazi wa Kihutu huko Kamenge. Chini ya chama kimoja, mwanafunzi aliyetaka kukutana na wenzake alikuta kiti kimeshawekwa, na mwenye kiti ni chama. Hii ni tofauti kubwa na Kampala. Makerere nayo ilibanwa na watawala, Idi Amin akiwemo, lakini bweni kama bweni liliachwa liwe na wimbo wake.

Kisha ukaja mwaka 1972. Baada ya uasi ulioanza kusini mwishoni mwa Aprili, jeshi na JRR waliwawinda Wahutu waliosoma. Waliitwa majina madarasani na vyumbani, wakapakiwa kwenye malori. Yaliyotokea chuoni na katika shule za ualimu yalitoa funzo ambalo hakuna mwanafunzi wa miaka ishirini iliyofuata aliyehitaji kufundishwa upya: orodha ya majina ni kitu cha kuogopwa, na mwenzako wa chumba huenda ndiye aliyeiandika. Kundi la wanafunzi, hata la kupiga gitaa, huanza na orodha.

Waliovuka mpaka ndio waliobuni jina lifuatalo. Melchior Ndadaye, rais wa baadaye wa Burundi, alikimbilia Rwanda akiwa kijana wa shule ya ualimu, na mwaka 1976 akawa rais wa kwanza wa BAMPERE, harakati ya wanafunzi Barundi wanaotaka maendeleo, waliokuwa uhamishoni Rwanda. Cyprien Ntaryamira, aliyekuwa rais baada yake, naye alipitia huko. Litazame jina hilo: limebandikwa kama Lumbox, vipande kwa vipande, likatamkika kama neno kamili. Ila lilibandikwa ukimbizini na vijana waliokuwa wakihesabu ndugu zao waliokufa. Kutoka hapo njia ni fupi hadi vyama vya miaka ya 1980, hadi FRODEBU, hadi ushindi wa Ndadaye katika uchaguzi wa urais wa tarehe 1 Juni 1993 na mauaji ya tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo. Katika usiku ule wa Oktoba aliuawa Ndadaye, wa BAMPERE, akauawa pia Bimazubute, yule wa UNEBA, ambaye alikuwa makamu wa spika wa bunge. Mmoja Mhutu, mwingine Mtutsi. Viongozi wa zamani wa vyama viwili vya wanafunzi vilivyozaliwa pande mbili za jeraha walikufa pamoja wakiwa chama kimoja, na sijui historia nyingine ya vyama vya wanafunzi Afrika Mashariki inayofanana na hiyo.

Vita vilivyofuata vilizaa majina mapya mjini. Vijana wa FRODEBU walikuwa JEDEBU. Kwa Watutsi kulikuwa na SOJEDEM, iliyojieleza kuwa mshikamano wa vijana kutetea haki za walio wachache, ikiongozwa na padri wa Kidominiko, Deo Niyonzima. Mitaani kulikuwa na Sans Échec, yaani wasioshindwa, ambao hawakuhitaji ufupisho wala padri. Siku za “ville morte”, yaani za kuufunga mji, walifunga barabara, na mitaa ikatenganishwa: Kamenge na Kinama Wahutu, Nyakabiga, Ngagara na Musaga Watutsi. Nyakabiga iko mlangoni mwa kampasi ya Mutanga. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Juni 1995 wanafunzi wa Kihutu walishambuliwa na kuuawa katika mabweni ya Mutanga, na walioshutumiwa ni wanamgambo wakiwa pamoja na wanafunzi wenzao. Walionusurika waliondoka. Mabweni yakabaki ya kabila moja.

Ninalirudia jambo la mpaka kwa sababu ndilo kiini cha uchambuzi wote. Lumbox inaunganisha bweni la wanaume na la wanawake, mgawanyo uliochorwa na uongozi wa chuo na ambao kila mtu anaukubali kwa kicheko. Mgawanyo wa Mutanga haukuandikwa mlangoni. Kila mmoja aliujua, hakuna aliyeutaja, na kuutaja ili uuvuke ilikuwa hatari. Wangeunganisha majina gani? Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta huko Bururi, waasi waliwaamuru wanafunzi wajitenge kwa makabila. Walikataa. Vijana 40 wakauawa. Hao hawakuwa na jina la kikundi, na hawakulihitaji ili kufanya walichofanya.

Mtu atauliza: je, vijana wa Bujumbura walikaa bila makundi ya kawaida, ya furaha tu? La hasha. Walitoka nje ya chuo wakayakuta mitaani. Neno la mji ni ligala, kijiwe cha vijana kwenye kona, mbele ya duka au chini ya mwembe, ambako mchana hupita kwa mazungumzo, mpira wa redioni na kutafuta kibarua. Mwanafunzi wa Mutanga na kinyozi hukaa ligala moja kwa sababu wamekulia uchochoro mmoja. Ligala halina katiba wala ada. Wakati wa vita mengi yalikuwa macho ya mtaa na baadhi yakawa mikono yake, kwa hiyo nisiyapambe. Lakini ndiyo makundi pekee ambayo vijana wa mji huu wameyaunda bila kuomba kibali kwa mtu, na lugha yake, Buyenzi na Bwiza hasa, ni Kiswahili. Si ajabu. Kiswahili hapa kilidharauliwa muda mrefu na wakubwa wa kanisa na wa shule kama lugha ya soko na ya Waislamu, na kwa sababu hiyo hiyo hakikuwa mali ya kabila lolote.

Kulikuwa pia na jaribio la kuunda kwa makusudi mahali pa kukutania. Wamisionari Waksaveri walifungua Centre Jeunes Kamenge mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa vijana wa mitaa ya kaskazini: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Buterere, Gihosha. Vita vilipopamba moto kituo kilikaa katikati ya mitaa inayopigana, kikiendelea na maktaba, michezo na kozi kwa Wahutu na Watutsi pamoja. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood huko Stockholm. Kituo hicho huitwa kwa herufi tatu tu, na wanachama wake hawana jina maalumu la kujiita. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa busara: mtoto wa Ngagara aliyekwenda Kamenge asubuhi alitakiwa arudi Ngagara jioni bila kuulizwa yeye ni nani sasa.

Hapa lazima Lumbox ishushwe kidogo kutoka kwenye kiti chake. Uhasama wa mabweni ya Makerere umewahi kumwaga damu. Northcote, bweni lililojisifu kwa ukali wa kijeshi, lilibadilishwa jina, likaitwa Nsibirwa, kwa kumbukumbu ya katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda aliyeuawa Septemba 1945 baada ya suala la ardhi ya chuo hicho. Jina likabadilika, ugomvi na Lumumba ukabaki. Julai 2022 mwanafunzi aliuawa kwa kisu katika vurugu za kampeni za serikali ya wanafunzi, na uongozi wa chuo ukaisimamisha serikali hiyo. Na katika ndoa hizi za mabweni, wanawake si mara zote wamekuwa washirika sawa. Mara nyingi ni wageni waalikwa katika ugomvi wa wanaume, na hata katika neno lenyewe Lumumba ndiye aliyetangulia. Anayeitamani Lumbox aitamani na gharama zake.

Bado naona Bujumbura imepungukiwa na kitu, na sababu ya leo si ile ya 1995. Tangu amani irudi, chuo kimejaa kupita vitanda vyake. Mabweni na mikahawa husimamiwa na Régie des Œuvres Universitaires, na asiyepata kitanda cha Régie hupanga chumba Nyakabiga, Bwiza au Buterere na wenzake. Vyuo vya binafsi, vikiwemo Université Lumière na Hope Africa, vimeongeza maelfu ya wanafunzi ambao wengi wao hurudi kwa wazazi jioni. Uraia wa bweni hauwezi kuota kwa mtu anayekimbilia basi. Makundi yapo, kwaya za sala, timu, vikundi vya kusomea kwenye WhatsApp, na mengi hufa siku ya mtihani wa mwisho.

Wanapojaribu kusimama kama kundi, dola husikia siasa. Tarehe 30 Aprili 2015, maandamano dhidi ya muhula wa tatu wa rais yakiendelea, kampasi zilifungwa. Mamia ya wanafunzi wasio na nauli wala mahali pa kwenda walibeba masanduku na magodoro hadi karibu na ubalozi wa Marekani, wakapiga kambi. Walikaa hapo karibu miezi miwili, wa mikoa yote, wakipika na kulala bega kwa bega. Tarehe 25 Juni polisi walipotishia kuwafukuza, wengi walipenya chini ya lango wakaingia katika uwanja wa ubalozi. Miaka miwili baadaye serikali ilipogeuza msaada wa masomo kuwa mkopo, wanafunzi waligoma, na baadhi ya wawakilishi wao walikamatwa. Kambi ya ubalozini ilikuwa, kwa kila kipimo, bweni la kwanza la mchanganyiko ambalo wanafunzi wa Bujumbura walijipatia wenyewe. Haikupewa jina. Wenye busara kati yao walijua kwamba kundi lenye jina litaulizwa kiongozi wake ni nani.

Kwa hiyo sitarajii Mutanga iige Kampala. Kama neno litazaliwa, dalili zinaonyesha litatoka katika vyumba vya kupanga vya Nyakabiga na Bwiza, ambako kodi inagawanywa kwa wanne wasiotoka mkoa mmoja, na litakuwa na Kiswahili ndani yake. Huenda limeshazaliwa. Vijana hao wana kila sababu ya kutomwambia mwandishi wa gazeti.